UZI: "Haijafa hiyo, mama, inapumzika." Wewe mwenye kofia, uzi huu ni wako!

MamaFotokopi (mwanzilishi wa uzi)

Naandika kwa simu. Kwa nini si kwa komputa, mtaelewa sasa hivi.

Wana Lubumbashi, leo nimedhihakiwa mchana kweupe, mbele za watu, na mtu ambaye bado ana dola 130 zangu mfukoni. Jina sitaji. Hakuna haja. Yule mwenye meza ya mashine za okazyoni, zilizokwisha kutumika, anayevaa kofia ya timu ya Mazembe hata kwenye matanga, ambaye kila kitu kwake "kimetoka Bulaya juzi". Mnamjua. Ukisema humjui, wewe ni shemeji yake.

Nina ka-ofisi kangu Kamalondo, napigia wanafunzi kwa komputa TFC zao (kazi za kumaliza masomo), fotokopi, barua za kuomba kazi. Hii mashine, komputa ya kubeba, niliichukua kwake mwezi uliopita. Inawaka vizuri, inaimba vizuri, inakuonyesha mlima wenye theluji, halafu dakika ya sita, kimya. Haikuonyi. Haisemi "mama, jitayarishe." Inakatika kama uzi. Na Word yenyewe inajihifadhi kila dakika 10, mashine yangu inakufa dakika ya 6. Pigeni hesabu. Mimi nimeshapiga: sura mbili za kijana wa UNILU, chuo kikuu chetu, kurasa 31, hazipo tena, na wiki ijayo anasimama mbele ya walimu wake. Amekaa kwenye benchi langu ananiangalia kama mtu niliyemwulia baba.

Basi leo nimeibeba. Jua, vumbi, mashine kwapani, mpaka pale. Nikaichomeka, nikaiwasha mbele yake. Tukangoja. Yeye anakula michopo, nyama ya kuchoma. Dakika ya sita, pu! Nikamwambia, haya, umejionea kwa macho yako? Akajifuta mafuta mdomoni, polepole, kama chifu. Akasema:

"Mama, haijafa hiyo. Inapumzika. Hata Mungu alipumzika siku ya saba."

INAPUMZIKA!

Wateja wakacheka. Jirani wa viatu akacheka. Katoto ka kuuza maji ya baridi, ambako komputa hakajaigusa tangu kazaliwe, kakacheka mpaka kakatua beseni chini.

Nawauliza ninyi mliosoma. Mungu alifanya kazi siku sita, akaumba jua, mwezi, samaki, tembo. Hii imeumba nini? Imefungua Word! Kurasa mbili, inapumzika. Angenitukania mama yangu leo ningelala usingizi. Lakini siku ya saba? Na nyama mkononi?

Nikadai franga zangu. Akasema garanti ilikuwa siku tatu, na zilianza kuhesabiwa siku mashine ilipotoka Bulaya.

Sasa hivi iko hapa mezani. Inapumzika.

Kijana_wa_Katuba

Mama pole, lakini nimecheka mpaka mke wangu ameamka. "Hata Mungu." Huyo mzee angekuwa pasta angeshajenga ghorofa.

Ya_Kampemba

Weye uko na bahati, mama. Miye, yule yule wa kofia aliniuzisha ekra, kioo cha komputa, ndani ya kartoni. Kufika ku nyumba, kufungula, mule mulikuwa tofali tu. Nikarudia. Aliniambia nini? "Ile tofali iko ya Bulaya."

MamaFotokopi

@Ya_Kampemba yako ni tofali, angalau tofali linafanya kazi dakika zaidi ya sita.

FundiTurnavisi

Mama, weka hasira pembeni kidogo. Mashine inayokatika bila neno, mara nyingi ni mojawapo ya mawili: umeme au joto. Ingekuletea kioo cha bluu na maandishi, hapo tungeanza kusumbua RAM, diski na draiva. Yako inanyamaza tu. Kwa hiyo geuza shaja, soma karatasi iliyobandikwa, zidisha volti kwa ampea. 19.5 mara 4.62, hizo ni wati 90. 19.5 mara 2.31, wati 45. Halafu soma chini ya mashine yenyewe inadai ngapi. Hawa wauzaji mashine zao ziko huku, shaja ziko kwenye ndoo kule, anaingiza mkono, mdomo wa shaja ukiingia kwenye mashine, anakwambia ni yake.

Baadaye fungua lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport. Itakuandikia uwezo wa batri ilipokuwa mpya na uwezo wa leo. Tena weka mkono pale feni inapotolea hewa. Kama hewa haitoki, ndani kuna vumbi jekundu limejipanga kama blanketi, na ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka kama bukari, yaani ugali, ya juzi. Hiyo inasafishwa, haigharimu sana.

MamaFotokopi

Baba Fundi, asante, lakini sikuomba darasa. Niliomba watu wa kukasirika nami.

MamaFotokopi

Shaja inasema 2.31.

MamaFotokopi

Mashine chini inasema 4.62. Nimesoma mara tatu kwa tochi ya simu. KUMBE AMENIPA NUSU YA SHAJA NA BADO AKAMTAJA MUNGU!

FundiTurnavisi

Na batri?

MamaFotokopi

Nimekimbizana nayo, ile ripoti nimeipata dakika ya tano. Ilipokuwa mpya 47,520. Leo 2,880. Hizo ni nini, franga?

FundiTurnavisi

Ni miliwati-saa. Maana yake batri imebaki asilimia 6. Mashine ikianza kazi nzito inadai kuliko shaja inavyoweza kutoa, inakwenda kukopa kwa batri, batri nayo mfuko mtupu. Inakatika. Tafuta shaja ya wati 90 kwanza, hata kabla ya batri. Lakini mama, nisamehe, ukiangalia kifundi… ni kweli ilikuwa inapumzika.

MamaFotokopi

Toka kwenye uzi wangu.

Mweusi_na_Mweupe

Mimi nina swali moja. Kofia ya Mazembe imeingiaje hapa? Sema mwizi, sema mlafi, kofia uiache. Sisi mwaka 2010 tulicheza fainali ya klabu za dunia na Inter. Dunia nzima ilituona.

Damu_ya_Cheminots

Ilituona mkifungwa 3-0. Mlikuwa mnapumzika?

Mweusi_na_Mweupe

Ninyi wa timu ya Lupopo mlikuwa wapi siku hiyo? Mbele ya televisheni. Mnatuangalia.

Damu_ya_Cheminots

Televisheni ya okazyoni. Ilizimika dakika ya sita, tukashukuru.

MamaFotokopi

Jamani, uzi. Alijifuta mdomo KWANZA, halafu ndiyo akasema siku ya saba. Mbona hakuna anayejibu hilo?

Mnunuzi_wa_Leo

Samahani mama, umesema dola 130? Kwangu alidai 170. Leo amekaa upande gani?

Kijana_wa_Katuba

😂😂 Mteja mpya huyo hapo.

Taa_ya_Mahindi

Mnamwonea bure mwenye kofia. Wale wengine je, wale wenyewe wa nyaya? Nao sitawataja, wasije wakatukatia hata hiki kidogo. Saa moja jioni taa yangu inageuka rangi ya mahindi ya kuchoma. Stabilizatere, ile ya kutuliza umeme, inalia ukutani kama mbuzi aliyeona kisu. Usiku wa manane, kila mtu amelala, umeme unarudi kwa nguvu zote, unaua frigo. Mchana ukienda kulalamika, karani anakuuliza: "Kwani saa ile ulikuwa umewasha frigo?"

Ya_Kampemba

Banakukatia umeme, lakini fakture inafika ya mwezi nzima.

FundiTurnavisi

Huyo wa mahindi ana hoja. Umeme ukienda na kurudi ghafla, chomoa kila kitu, ngoja dakika chache utulie ndiyo uchomeke. Pawasaplai, zile boksi za umeme za komputa za mezani, ninazozifungua hapa, kondensa zimevimba vichwa kama…

Mama_Mbabula

Ninyi bado mna umeme wa kulalamikia. Njooni kwetu kwenye mbabula, jiko la makaa. Huu mfuko wa makaa wa siku hizi ni nini? Juu vipande vizuri, virefu, unasema leo nitapika maharage mpaka yaive. Katikati unga. Chini mawe! Mimi napika mawe?

Kijana_wa_Katuba

Mama Mbabula, hapo umenigusa. Wangu ulikuwa na gogo ambalo halijawahi kuona moto. Lilikuwa na majani.

Taa_ya_Mahindi

Ni yule wa baiskeli, sivyo? Anayepita asubuhi anapiga kengele, anafunika mdomo wa mfuko kwa nyasi mbichi.

Mama_Mbabula

Huyo huyo. Ukimwuliza mawe yametoka wapi, anasema ni ya kuzuia mfuko usiruke na upepo.

Mweusi_na_Mweupe

Hata mimi. Hapa hata na Lupopo nitaungana.

Damu_ya_Cheminots

Mfuko mmoja alimwuzia bibi yangu. Bibi amemlaani kwa Kibemba, tunangoja.

MamaFotokopi

Ngojeni. Wa baiskeli, mwenye koti la mvua hata wakati wa kiangazi? Aliniuzia Jumanne! Nilishangaa bukari inachukua saa mbili! Naenda uani kuumwaga wote.

Sura_ya_Tatu

Mama, ni mimi wa TFC. Bado niko kwenye benchi.

MamaFotokopi

Subiri mwanangu. Nahesabu mawe. Yamefika manne, na moja ni kubwa kama kichwa cha mtoto. "Usiruke na upepo"! Jina lake sitaji.