Tatingi: shanga zinajikusanya shingoni mwa duara, kwa nini?

Binti_Nyegezi
Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Kutwa nahesabu magunia ya dagaa mwaloni Kirumba, jioni kichwa kinatulia nikishika tatingi, ile lesi ya mafundo inayofumwa kwa kifaa kidogo chenye umbo la mtumbwi. Nataka hereni zenye shanga pembeni mwa kila duara. Nikivuta uzi duara lifunge, shanga zote zinakimbilia chini. Pia, nailoni ya nyavu inafaa? Huku imejaa.

Mama_Sengerema
Marahaba mwanangu. Shanga inakaa pale uzi wake ulipo. Kwenye duara uzi ni mmoja, kazi mbili: unaozunguka vidole vya kushoto ndio unaofanya mafundo, unaotoka kwenye kifaa unapita ndani ya mafundo kama kamba ya kaptula. Shanga zako zimebaki kwenye kamba ya kaptula.

Kabla hujazungusha uzi mkononi, hesabu shanga za duara hilo, tuseme tano, zisogeze ziingie kwenye mzunguko, zisubiri nyuma ya mkono. Funga mafundo matatu kamili (kila moja nusu mbili, usiruke), sogeza shanga moja, funga matatu mengine. Itatokeza nje yenyewe. Ukifika kwenye upinde, ile sehemu inayounganisha duara na duara na kufumwa kwa uzi wa pili unaotoka kwenye bonge, zinazotakiwa ni shanga ulizotunga kwenye uzi huo wa bonge. Na zote zitungwe kabla hujaviringa uzi kwenye kifaa! Ukisahau, utavuta kitanzi kupitia tundu la shanga kwa sindano nyembamba mno ya kroshia, na macho yangu hayataki tena mchezo huo.

Mimi nilikuwa nafumia foleni ya kivuko pale Kigongo. Daraja limefunguliwa Juni 2025, sasa basi linavuka hata sijatoa uzi kwenye mkoba. Hereni za shemeji bado ni sikio moja.

FundiNyavu
Dada, nailoni ile ngumu ya uzi mmoja achana nayo. Ni kaidi, ukiikunja inanyooka. Halafu sisi fundo la wavu likiteleza samaki kapita, lenu lisipoteleza duara halifungi. Kazi tofauti kabisa.

Mama_Sengerema
Kweli baba. Nunua pamba ya kroshia, namba 20 kwa kuanzia. 40 ni nyembamba zaidi. Namba ikipanda, unene unashuka. Nenda dukani na uzi wako, ujaribu kama unapita kwenye shanga. Nyingine tundu lake ni la kuonyesha tu.

Binti_Nyegezi
Imekubali mama! Tano zote zimekaa nje. Ila hereni inalegea kama mlenda. Niipige wanga?

Mama_Sengerema
Wanga mende watakula. Gundi nyeupe, uizimue kwa maji, paka kwa brashi upande wa nyuma, usiguse shanga. Ibane kwa pini juu ya karatasi ya nailoni ikauke, siyo juu ya gazeti, itanata.

FundiNyavu
Nailoni imepata kazi.