Tupeane uzoefu: Ndege ya saa nyingi, theluji, na koti lililobaki ndani ya begi

Mwanzisha mada, Minneapolis

Wadau, habari za majukumu. Naomba tukusanye hapa visa vyetu vya safari ndefu za ndege katika miezi ya baridi, hasa pale theluji inapoingilia kati. Ndugu zetu wanaotoka nyumbani kwa mara ya kwanza huelezwa kwa kirefu habari za viza, ada na nauli, lakini sijaona anayewaeleza watakavyokaa karibu saa 20 katika viti vya katikati na kisha kulala sakafuni Chicago. Naanza na kisa changu.

Niliondoka Dar es Salaam usiku, katikati ya Januari, joto likiwa lile ambalo shati hulowa kabla hujaufikia mzani wa mizigo. Koti nilikuwa nimelinunua Karume, kwenye mitumba, ambako makoti mazito huuzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa hakuna mtu wa Dar mwenye haja nayo. Lilikuwa koti la kweli, lenye manyoya kwenye kofia na zipu mbili. Niliona haya kulibeba mkononi. Watu wamekuja kunisindikiza, wadogo zangu wanapiga picha, nami nisimame pale na koti la manyoya huku jasho linanitiririka? Nikalikunja, nikalitia chini kabisa ya begi kubwa, chini ya dagaa na unga wa muhogo, nikabaki na sweta.

Kiti changu kilikuwa cha katikati katika ndege zote mbili kubwa. Katika ile ya pili, kulia kwangu alikaa bwana mmoja mpana wa mabega aliyelala kabla ndege haijaacha ardhi, na kushoto alikaa kijana mwenye adabu nyingi kiasi kwamba hakuinuka hata mara moja, nami nikaona haya kumsumbua. Aliyekuwa mbele yangu alilaza kiti chake kabla hatujamaliza kula, meza ikanigusa tumbo, nikaumalizia mkate wangu viwiko vikiwa vimebanwa ubavuni kama kuku anayepelekwa sokoni.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Marekani, abiria anayetoka nje ya nchi huchukua mizigo yake katika uwanja wa kwanza anaoingilia, hupita nayo forodhani, kisha huikabidhi tena ili iendelee na safari ya ndani. Kwa hiyo pale Chicago begi langu lilikuja kwenye mkanda, nikalishika, nikalikokota, nikakaa nalo kwa muda wa robo saa hivi. Koti lilikuwamo. Nilichowaza ni kuwahi ndege ya Minneapolis tu, safari ya saa moja na nusu, nikalikabidhi begi bila kuligusa zipu.

Ndege hiyo iliahirishwa mara nne. Saa nne usiku tulipanda, ndege ikanyunyiziwa dawa ya kuondoa barafu, tukakaa kwenye foleni, theluji ikazidi, na hatimaye tukatangaziwa kwamba saa za kazi za marubani zimekwisha kisheria, hivyo tunarudi jengoni. Hoteli hatukupewa, kwa maelezo kwamba hali ya hewa si kosa la shirika. Nilijilaza kando ya dirisha kubwa nikidhani nimepata pembe ya utulivu, kumbe kioo kile kilikuwa kinatoa baridi kama mlango wa friji ulioachwa wazi, kwani nje zilikuwa nyuzi 19 chini ya sifuri. Kilichonisitiri ni doti ya kanga niliyokuwa nampelekea shangazi, mpya, bado ngumu kwa wanga wake. Kipande kimoja nikatandika, kingine nikajifunika hadi kichwani. Shangazi nilimpa baadaye ikiwa imefuliwa, na hadi leo hajui.

Mchangiaji wa Manchester

Pole sana, kaka. Mimi ni muuguzi, lakini kisa changu ni cha mwana zaidi kuliko cha muuguzi. Nilimleta mama yangu kutoka Mombasa Desemba moja, akiwa na umri wa miaka 71, na siku ya safari alikunywa chai yake kwa mbaazi za nazi na mahamri kama kawaida, nami sikumkataza kwa sababu hata mimi nilikula.

Hewa ndani ya ndege iliyo juu sana hushindiliwa, lakini haishindiliwi hadi kufikia ile ya pwani. Hubaki sawa na hewa ya mlimani, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400 hivi. Mtu wa Nairobi huenda asitambue tofauti, kwa kuwa mji wake wenyewe uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Kongowea, Mombasa, tunaitambua. Hewa ikipungua mgandamizo, gesi iliyo tumboni hutanuka, na mbaazi mnazijua. Mama alikaa saa tatu nzima ameshika tumbo akidhani ameshikwa na ugonjwa wa moyo, nami nilipomweleza kwamba ni mbaazi tu, alinijibu kwamba amekula mbaazi tangu kabla sijazaliwa na hazijawahi kumfanyia ubaya.

La pili ni miguu. Alivua viatu mapema, akavisukuma chini ya kiti, na tulipokaribia kutua havikuingia tena. Miguu ilikuwa imevimba hadi alama ya soksi ikabaki kama mfereji. Kuvimba huko mara nyingi hupungua kwenyewe, lakini kukaa bila kutembea katika safari inayozidi saa nne huongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa ya miguu. Kwa hiyo mguu mmoja tu unaovimba, unaouma au kupata joto, au pumzi inayobana ghafla hata siku kadhaa baada ya kufika, ni jambo la kukimbilia hospitali. Wazee, wajawazito na waliofanyiwa upasuaji karibuni wamwone daktari kabla ya kusafiri na kumuuliza kuhusu soksi za kubana. Sisi tulipata kiti cha pembeni mwa ujia, na kila baada ya saa moja hivi nilimwinua mama tukatembea hadi jikoni mwa ndege na kurudi. Alilalamika kila mara, ila aliinuka.

Nje ya jengo, kwenye tope la theluji, mama yangu alitoka na makubadhi ya mjukuu wake, kwa sababu ndiyo pekee yaliyomwingia.

Mchangiaji wa Des Moines

Shikamooni wakubwa. Sisi tulitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, mimi, mke wangu na watoto wanne, na kila familia ilibeba ule mfuko wa plastiki wenye herufi za IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambao ndani yake mna hati zote za maisha yenu. Tuliambiwa tusiuachie hata chooni. Mimi niliulalia usiku kucha kwenye ndege, shingo ikapinda, na mfuko ukabaki na alama ya shavu langu.

Ndege ya mwisho ndiyo nataka kuisimulia. Tulikuwa tumeshafunga mikanda, theluji inaanguka, watoto wameganda dirishani kwa kuwa hawakuwa wameiona maishani, mara likaja lori lenye mkono mrefu, likaanza kulimwagia bawa maji ya rangi ya chungwa. Bawa likafuka. Wingu zito likafunika madirisha yote, na mke wangu, ambaye alikwisha kuona nyumba zikiungua kule Kivu ya Kusini, akasimama na mtoto mdogo mkononi na kupiga kelele kwamba ndege inaungua. Mhudumu alikuja mbio, akazungumza Kiingereza, sisi hatukukijua. Abiria mmoja mzee wa Kizungu akafanya ishara ya mtu anayeoga, anajisugua mabega na kichwa, kisha akaonyesha bawa. Binti yetu wa miaka saba ndiye aliyeelewa kwanza. Akasema, «Mama, wanaiogesha.»

Baada ya hapo tuliketi ndani ya ndege hiyo, ardhini, saa mbili zaidi. Nguo tulizokuwa nazo ni masweta mepesi na raba. Sikuelewa mpaka leo kwa nini tulisubiri muda wote huo wakati walikuwa wamekwisha kuiogesha, kama kuna anayejua naomba anieleze.

Mchangiaji wa Toronto

Marahaba. Hilo swali limenifaa, maana mimi ni mmoja wa wale wanaokaa katika kijumba cha kioo kwenye ncha ya mkono wa lori. Huu ni msimu wangu wa sita.

Dawa ni za aina mbili. Hiyo ya rangi ya chungwa ni maji na glaikoli, kemikali inayozuia maji yasigande, huchemshwa na kutoka kwenye mpira ikiwa na joto la nyuzi 60 au zaidi, na kazi yake ni kuyeyusha na kuondoa theluji iliyokwisha kuganda; ule moshi mliouona ni mvuke wa maji ya moto yanapokutana na baridi kali. Ya pili ni ya kijani, nzito kama uji mwepesi, kwa kawaida haichemshwi, nayo hukaa juu ya bawa kuzuia theluji inayoendelea kuanguka isishike. Ndege ikishika kasi, upepo huisukuma na kuiondoa. Sasa, dawa ina muda wake. Theluji ikiwa nyepesi, muda huo unatosha kupanga foleni na kuruka; theluji ikizidi, unashuka hadi dakika chache, na ukipita kabla ndege haijaruka, rubani hurudi kwetu kuanza upya. Ndugu wa Des Moines, inawezekana njia ya kurukia ilifungwa isafishwe kwa majembe ya theluji, na nyinyi mkarudishwa kwenye foleni. Mwanzisha mada naye, saa za marubani wake zilikuwa zikihesabika muda wote huo.

Abiria hutuonyesha saa zao dirishani. Tunawaona. Lakini tabaka jembamba tu la barafu, lenye mkwaruzo kama wa msasa, huharibu mtiririko wa hewa juu ya bawa hadi ndege ishindwe kupanda. Tarehe 10 Machi 1989, kule Dryden katika jimbo hili la Ontario, ndege iliruka ikiwa na theluji kwenye mabawa bila kupigwa dawa, ikaanguka mara moja, na watu 24 kati ya 69 wakafa. Kazini kwetu kisa hicho hufundishwa mwanzo kabisa, kabla hujagusa usukani wa lori.

Mchangiaji aliye masomoni, Ohio

Mimi nilikwama Ulaya, katika uwanja ambao sitautaja, nikirudi Dar kwa likizo ya Desemba. Msidhani wenzetu wa kule hawakwami: Heathrow ya London ilifungwa na theluji tarehe 18 Desemba 2010, na Munich tarehe 2 Desemba 2023, na huko theluji si mgeni.

Ndege yetu ilifutwa hadi kesho yake jioni. Sheria ya Umoja wa Ulaya, ile namba 261 ya mwaka 2004, inasema kwamba hali ya hewa ikiwa ndiyo sababu, shirika halilazimiki kukulipa fidia ya fedha, lakini linabaki na wajibu wa kukulisha na kukulaza. Abiria wote wakapangwa mstari, wakapewa hoteli. Zamu yangu ilipofika, dada wa mezani aliitazama pasipoti yangu ya Tanzania, akaigeuza, akaniuliza iko wapi viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya. Sina, nilikuwa mpita njia tu. Bila viza siwezi kupita uhamiaji, na hoteli iko upande wa pili wa uhamiaji. Tulibaki saba: Watanzania wawili, Mganda mmoja, wengine wa mataifa mbalimbali, tukapewa vitanda vya turubai na blanketi za ndege. Vocha ya chakula niliambiwa imekwisha kutolewa pamoja na hoteli, hivyo wasio na hoteli hawana. Nilikataa kuondoka pale mezani, kwa heshima lakini nilikataa, na baada ya robo saa zikapatikana vocha saba.

Chaja, dawa, mswaki na nguo za kubadilisha vilikuwa tumboni mwa ndege. Yule Mganda peke yake ndiye aliyekuwa na begi dogo lenye kila kitu, na tulimwazima mpaka dawa ya meno.

Mwanzisha mada, Minneapolis

Nawashukuru. Nimeuliza yote haya kwa sababu mama yangu anakuja Februari, kwa njia ileile ya Chicago, na nimekwisha kumtumia koti kwa mkono wa rafiki aliyekwenda likizo. Jana nimempigia simu. Amesema koti ni zuri, Mungu anibariki, ila hawezi kulivaa mbele ya watu wa Tabata na joto hili, ataliweka kwenye begi.

Mchangiaji wa Manchester

Mwambie ni mto. Wangu alikataa koti mara mbili, nilipomwambia kwamba mito ya ndege imelaliwa na watu wasiojulikana, alilikumbatia mwenyewe kutoka nyumbani hadi Manchester. Tena mwombee kiti cha magurudumu sasa hivi, wakati tiketi bado inashughulikiwa, usingoje siku ya safari. Chicago ni mbali kutembea, na anayemsukuma ndiye atakayejua mlango umebadilishwa.