AC kukata ukikanyaga mafuta mlimani: kompyuta, presha au mkanda?

Spana14: Premio ya 2003, injini 1NZ. Tambarare AC inagandisha, kupanda kilima cha Mutungo hapa Kampala ukikanyaga mafuta inapuliza joto. Fundi anasema ni kompresa, pampu ya gesi ya AC.

GejiMbili: Usiende soko la vipuri la Kisekka kununua kompresa bado. Hesabu sekunde kwanza. Kwenye magari mengi ya injini ndogo, pedali ikifika chini kabisa kompyuta ya injini hukata klachi ya kompresa (inayoiunganisha na mkanda) kidogo ili injini ipate nguvu, kisha hurudisha. Huo si ubovu. Ikikata kwa nusu pedali, au isiporudi mpaka juu ya mlima, hapo kuna kasoro.

Kiyoyozi_Ndeeba: Ongeza gesi tu, yataisha.

GejiMbili: Hapana ndugu, gesi ikizidi ndiyo inayoleta ugonjwa huu huu. Funga geji za presha, milango wazi, feni ya ndani mwisho, injini mizunguko 1,500 kwa dakika. Kwa gesi ya R134a, upande wa presha ya chini usome psi 21–36, wa presha ya juu 199–228. Sasa pandisha hadi 3,000. Sindano ya juu ikikimbilia 450, swichi ya presha itakata. Mwagia maji kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari): presha ikishuka na baridi ikirudi, shida ni vumbi la murram kwenye mapezi au feni. Mlimani gari linatambaa, upepo hautoshi, kazi yote inabaki kwa feni. Ukijaza upya, fuata gramu za stika iliyo chini ya boneti na upime kwa mizani.

MkandaMkavu: Presha ikiwa sawa, njoo kwenye mkanda. Ukilia unapokanyaga, unateleza. Kwenye gari lenye sensa ya kompresa, taa ya A/C hupepesa kisha AC inajizima. Pima pia mwanya wa klachi kwa filagheji (bati nyembamba za kupimia mwanya): mara nyingi huwa karibu 0.35–0.65 mm. Ukizidi, koili ikipata moto haivuti. Toa washa moja nyembamba, ile pete ya bati inayoweka mwanya.

Benz124: Hewa ikibaki baridi ila inahamia kioo cha mbele, hiyo ni vakyumu, mvuto wa hewa unaosogeza vilango vya AC: mpira umepasuka au vali ya njia moja imekufa. Ni ya Benzi za zamani na pikapu za Kimarekani, Premio haimo.

Spana14: Taa haipepesi. Maji yamerudisha baridi. Feni ya kondensa imesimama.

GejiMbili: Angalia fyuzi, kisha badilishana rilei (swichi ya umeme ya feni) na nyingine ya aina ileile. Ikigoma, peleka waya wa betri moja kwa moja kwenye mota. Ikizunguka, tafuta waya uliokatika. Isipozunguka, mota imekufa, mara nyingi kaboni zake zimekwisha.