Wenye stesheneri mnaowauzia vijana CV za kukopi, mnawakosesha kazi!

Wakuu, leo nimechemka na sitaficha. Nafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Tulitangaza nafasi ya karani wa nyaraka, na mimi ndiye niliyekabidhiwa bunda la maombi nilichambue kabla halijafika mezani kwa bosi. Sehemu kubwa ya maombi yale ni CV moja. Narudia: CV moja, majina tofauti. Aya ya kwanza ileile ya "mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma, ninayependa kujifunza". Mambo anayoyapenda mwombaji ni yaleyale: kusoma, kusafiri, kutazama mpira. Moja juu ina jina la mwanamume, na chini, pale kwenye tamko la mwisho, limebaki jina la msichana aliyeandikiwa kabla yake. Fundi hakujisumbua hata kulifuta!

Vijana hawa hawakuandika wenyewe. Waliandikiwa, na walilipa. Mtu ameomba pesa kwa shangazi yake, amepanda boda kutoka kijijini, ameingia dukani, ameulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa na shule alizosoma, basi. Haulizwi anaomba kazi gani. Haulizwi amewahi kufanya nini. Tangazo la kazi halisomwi. Dakika chache baadaye karatasi zinatoka kwenye printa, pesa imeliwa, na kijana anarudi nyumbani akiamini ana CV.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Katika bunda lile kulikuwa na kijana ninayemfahamu kwa sura. Anashinda yadi ya malori. Ndiye anayekimbiza nyaraka kati ya madereva na mawakala, anajua lori likiwa na shida ya sili ya kielektroniki, ile kufuli ya kufuatilia mzigo, dereva aende kumwona nani, anasoma manifesti, yaani orodha ya mzigo, na kuona haraka kwamba uzito haulingani na karatasi za mzani. Madereva wanaotoka Mombasa humpigia simu kabla hawajafika Malaba. Sasa CV yake inasemaje? Jina, dini, kabila, jina la baba, shule ya msingi mpaka diploma, na zile sifa za mchapakazi. Uzoefu wa kazi: hakuna. Hakuna! Nilipomwita nikamwuliza, akaniambia aliyemchapia alimwambia kazi isiyo na barua ya ajira haihesabiki.

Nani alitunga sheria hiyo? Angeandikiwa mistari mitatu tu: msaidizi wa nyaraka, kazi ya kujitegemea, Malaba, mwaka alioanza hadi sasa, hufuatilia nyaraka za mizigo inayopita kwenda Kampala, Juba na mashariki ya Kongo, hukagua manifesti na namba za sili kabla lori halijaondoka. Mistari hiyo mitatu ingempeleka moja kwa moja kwenye usaili. Bosi wangu asingejali kama alikuwa na barua au hakuwa nayo, angempigia simu dereva mmoja tu akaulizia. Na binti aliyeendesha kibanda cha pesa za simu amefanya kazi ya kweli: anatunza floti, anafunga hesabu kila jioni, anawajibika kwa pesa ya mtu mwingine. Iandikwe hivyo. Mtu anayetafuta karani anataka kuona hayo hasa.

Halafu lugha. CV nyingi zimeandikwa Kiingereza na Luganda, au Kiingereza na Ateso, zinaishia hapo. Kijana wa Malaba, anayefanya biashara na Wakenya tangu utotoni, hajaandikiwa Kiswahili! Katiba yetu imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini wapo wanaokiona bado kama lugha ya askari, kisicho na nafasi kwenye karatasi ya heshima. Jamani, tangu Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ianze 2014, ushuru wa mzigo unaokuja Uganda unalipwa kabla mzigo haujatoka Mombasa. Karani wetu anaongea na watu wa bandarini na madereva kutwa nzima. Anaongea nao kwa lugha gani? Kwa kazi hii Kiswahili kinastahili kukaa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, na fundi amekitupa.

Sasa njoo kwenye uongo, maana hapa ndipo hasira yangu haina breki. Wapo wachapaji ambao wakiona ukurasa una nafasi tupu wanajaza wenyewe. "Tukuwekee miaka miwili kwenye kampuni fulani, hawataangalia." Tunaangalia! Mwajiri akikutaka ulete taarifa yako ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, anaona ni nani aliyekuwa akikulipia michango na kwa miezi ipi. Matokeo ya mitihani yanathibitishwa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Na wadhamini je? Nilipiga namba ya mdhamini aliyeandikwa kuwa meneja, akapokea mtu ambaye hata jina la mwombaji halijui, nyuma yake nasikia mashine ya fotokopi. Kila mtu hapa nchini anajua sifa ya Nasser Road kule Kampala kwa vyeti vya kughushi, lakini tabia hiyo sasa imefika mpaka vijiduka vya mpakani, na inaitwa huduma. Kughushi ni kosa la jinai. Jina lililo juu ya ile karatasi ni la kijana. Atakayeulizwa na polisi ni yeye, na mchapaji atasema hamjui.

Kuna na hili la barua pepe. Duka linatuma maombi kwa anwani ya duka. Tukijibu kumwita mtu kwenye usaili, jibu linaangukia kwa mchapaji ambaye amekwishamsahau. Kijana anakaa nyumbani akidhani amekataliwa, kumbe aliitwa. Kumfungulia mtu anwani yake mwenyewe kunachukua dakika ngapi? Na faili la CV anyimwe kwa nini? Wengine wanalikalia makusudi ili kijana akitaka kubadilisha namba ya simu tu arudi kulipa tena.

Na wanaoomba kazi serikalini wanatapeliwa vilevile. Tume ya Utumishi ya Wilaya ikitaka ile Fomu ya Utumishi wa Umma Namba 3, ujaze fomu hiyo kwa ukamilifu na nakala wanazozitaka. CV nzuri namna gani haichukui nafasi yake. Mchapaji anajua, ananyamaza, anauza CV.

Waajiri nao siwaachi. Tangazo la kazi ya karani wa mshahara mdogo linadai uzoefu wa miaka mitatu, picha, dini na nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili, wakati mtu hata kwenye usaili hajaitwa. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kumbagua mtu kwa dini yake. Basi unaiulizia ya nini? Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi anayeondoka haki ya kuomba cheti cha utumishi kinachosema alifanya kazi gani na kwa muda gani. Ni wangapi wanakitoa bila kinyongo? Vijana wangu, mkiacha kazi kiombeni, hata kama kazi ilikuwa ya hoteli ya barabarani. Kinafaa kuliko aya nzima ya kujisifu.

Ndugu mwenye kompyuta, kumhoji mteja wako huwezi kusema ni kazi ngumu. Soma tangazo. Mwulize amefanya nini tangu atoke shule, kwa nani, wapi, na alikuwa anawajibika kwa kitu gani. Anza na kazi ya karibuni, rudi nyuma. Kurasa mbili zinatosha. Weka simu inayopatikana na namba ya pili ya mtu wa nyumbani. Wadhamini waulizwe kwanza kama wamekubali. Dini, kabila na uzito wa mwili toa, isipokuwa fomu imeuliza. Mpe faili lake aondoke nalo. Ukitaka kutoza zaidi kwa kazi hiyo toza, itakuwa halali yako.

Najua humu mmo wenye stesheneri wa Tororo, Busia, Mbale na kwingineko. Nataka mjibu hapa hapa, bila matusi: mnapomwandikia kijana kwamba hana uzoefu wowote, mmemwuliza?