MREJESHO: Dari la jipsamu, vumbi limenikomesha

Wakuu, niliuliza niandae nini kabla fundi hajaja kubadilisha dari la jipsamu lililolowa bati lilipovuja, huku Uyole, Mbeya. Nimerudi.

Bati tuliliziba kwanza, kama mlivyosisitiza. Makochi na TV nikahamishia chumba cha watoto, zulia nikakunja, umeme wa sebuleni nikazima. Kilichonishinda ni vumbi. Siku ya kupiga msasa nilitandika turubai sakafuni, nikasahau kuziba mlango wa jikoni. Hadi kwenye sufuria za kabatini, vumbi jeupe! Mama watoto hajanisamehe bado. Kesho yake nikaning'iniza shuka bichi mlangoni, likasaidia sana.

Na kwa baridi hii ya Julai, puti (ule uji mzito wa kuzibia maungio ya dari) inakauka taratibu mno. Fundi kasema rangi tusubiri.