Mbwa njia za Arabuko-Sokoke: kamba, maji na mbung'o

Mkwaju_Mkavu:
Salaam jamaa. Nina mbwa dume wa kilo 25, mweusi, manyoya mafupi. Nataka kumtembeza njia za miguu za msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, upande wa Gede, mwendo wa saa mbili hivi. Kamba iwe ya urefu gani, nibebe maji kiasi gani, na mbung'o nizuie vipi? Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata mwaka huu.

Nyuma_ya_Mida:
Ndugu, kamba baadaye. Ndani ya msitu usimwingize. Mle mna ndovu na nyati. Mbwa akinusa ndovu hubweka, ndovu akimjia, mbwa hukimbilia miguuni pa mwenyewe, na ndovu yuko nyuma yake.

La pili ni sange wa kiuno cha dhahabu. Msitu huu ndio ngome yake kuu duniani. Ni mnyama wa nusu kilo tu, hutafuta chakula mchana na usiku hulala chini, ndani ya lundo la majani makavu. Lundo lile mbwa halimpiti. Atalifukua kabla hujavuta kamba.

Tembea nje ya mpaka, barabara za vumbi kati ya mikorosho na minazi. Kamba ya mita 1.5 hadi 2, isiyorefuka, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Usimwachie aingie vichakani: kandokando ya msitu huwa kuna mitego ya waya ya kunasa paa, na mbwa akinaswa kila akivuta waya unazidi kukaza. Beba koleo ya kukatia waya. Mkikutana na watu, mvute kando mapema na umkalishe. Wengi wetu hapa hatutaki pua yake iguse nguo, hasa mtu akielekea kuswali.

Mkwaju_Mkavu:
Nimekuelewa, ndani siingii naye. Ila mbung'o hutoka hadi kwenye mashamba, sivyo?

Dawa_na_Mifugo:
Hutoka, na rangi ya mbwa wako inawaita. Mbung'o huwinda kwa macho, hufuata kitu cheusi au cha buluu kinachosogea; ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mvishe mkanda wa shingoni wenye deltamethrini, dawa ya kuua wadudu, wiki moja kabla, dawa ipate muda wa kuenea mwilini. Unapunguza hatari, huimalizi. Wiki moja hadi tatu baada ya matembezi, ukiona homa, uso kuvimba, au jicho kuingia ukungu wa bluu-bluu, mpeleke apimwe damu siku hiyohiyo na umwambie daktari kwamba alikuwa karibu na msitu. Ukungu wa jicho hudhaniwa ni jeraha, mbwa akapewa matone ya macho huku nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, inaendelea. Sindano ya nagana ya ng'ombe usimdunge mwenyewe: dozi ikizidi kidogo huharibu ubongo wa mbwa.

Kupe wako kwenye nyasi za kando ya njia. Mkifika nyumbani mkague ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani na chini ya mkia. Shika kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja. Mafuta ya taa na kiberiti, hapana.

Maji: lita moja na nusu. Mpe mililita 150 hivi kila dakika 20, asinywe yote kwa mkupuo. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili muwe mmerudi. Akihema kwa kelele, ulimi ukawa mwekundu sana na miguu ikayumba, mmwagie maji mwili mzima papo hapo na umpepee, ndipo utafute gari.

Swila_si_Kamba:
Naongeza la nyoka. Eneo hili lina swila mkubwa anayetema sumu, yule aliyetambuliwa kama spishi ya peke yake mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, mtaalamu wa nyoka wa Watamu. Mbwa humsogelea kwa pua, sumu huingia machoni. Osha kwa maji safi mfululizo dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimefunuliwa, na umzuie asijikune kwa kucha. Kwa hiyo ongeza lita mbili za kuoshea, mbali na zile za kunywa.

Na upupu ukikomaa, maganda yenye manyoya ya kahawia, usipite. Mbwa hujilamba, manyoya yakaingia mdomoni.