Tupeane uzoefu: milango ya viwanja na kumbi za michezo, wenye ulemavu wanaingiaje?

Fundi_Uyole: Wakuu, rampu nyingi huku kwetu, yaani njia za mteremko za viti vya magurudumu, zinajengwa ili mkaguzi aone ipo. Ngazi 4 za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 60. Kwa kanuni ya 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, unahitaji mita 7.2. Mtu anamwaga zege mita 3, anaondoka. Anayejisukuma kwa mikono hapandi hapo. Akilazimisha, kiti kinabinuka kinyumenyume.

BintiTukuyu: Kweli tupu.

MzeeIpogolo: Mita 7 utazitoa wapi mlango ukiwa umegusa barabara? Watumie mlango wa nyuma.

Fundi_Uyole: Hapana mzee wangu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010, majengo ya umma yanatakiwa yafikike. Rampu unaikunja: mita 3.6, kibaraza bapa cha mita 1.5, unageuka, mita 3.6 nyingine. Shabiki aingie na wenzake.

BintiTukuyu: Na mvua msiisahau. Vigae vinavyong'aa vikilowa ni hatari. Zege lipigwe ufagio likiwa bichi, mistari ikatize njia. Kingo za pembeni zipande sentimita 10, zitobolewe matundu ya maji. Halafu ule wavu wa mtaro mlangoni: vyuma vikilazwa kufuata njia, gurudumu dogo la mbele linazama na mtu anarushwa mbele. Vilazwe kukatiza njia, nafasi isizidi milimita 13.

KochaMakambako: Jamani, na kufuli je? Kuna uwanja geti lake la kuzunguka halipitishi kiti, ndiyo maana pembeni pana geti la mita 1. Mechi imeisha, watu wanamiminika, geti lina kufuli, mwenye funguo yuko jukwaa kuu! Wenye viti wakabanwa ukutani. Vijana wakamnyanyua mmoja kwa kushika pa kuwekea miguu, pakachomoka mikononi mwao.

BintiTukuyu: Mungu wangu! Aliumia?

KochaMakambako: Goti. Nyanyueni kwa fremu tu. Pa miguu na pa mikono panachomoka.

MzeeIpogolo: Mlinzi akae pale na funguo shingoni.

Fundi_Uyole: Mlinzi naye anakwenda kuangalia penati. Toa kufuli, weka komeo la kusukuma, mita 1 kutoka chini.

MzeeIpogolo: Watu wataingia bure!

Fundi_Uyole: Linafunguka kwa ndani tu, nje halina mshikio.

KochaMakambako: Na hiyo mita 1 msiipunguze. Viti vya magurudumu vya mpira wa kikapu, magurudumu yake yamelala kiupande, chini ni vipana kuliko vya kawaida.

MzeeIpogolo: Haya. Bomba la kushikia inchi ngapi?

Fundi_Uyole: Moja na robo, kimo sentimita 90, pande zote mbili, lizidi rampu kwa sentimita 30 juu na chini.

KochaMakambako: Huku Makambako livisheni mpira. Asubuhi ya Juni chuma kitupu hakishikiki kwa baridi.